Fundi wa boila: kazi inayoanzia pale uchomeleaji wa geti unapoishia

Katika viwanda vya chai vya Kaunti ya Kericho, majani mabichi yanayoshushwa kutoka kwa malori jioni hushughulikiwa usiku kucha. Hunyaushwa, hukatwakatwa na mashine, huachwa yachachuke hadi yapate rangi ya shaba, kisha hukaushwa kwa hewa moto. Hewa hiyo hupashwa na mvuke, na mvuke hutoka kwenye boila inayochomwa kuni. Boila ikisimama saa nane za usiku, majani yaliyokwisha kukatwa hayasubiri. Huendelea kuchachuka hadi yakapoteza ladha na bei. Ndiyo maana fundi wa boila anapopigiwa simu saa hiyo, ombi huwa ni moja: aje azibe tu panapovuja, matengenezo kamili yatafuata baadaye.

Jibu la fundi kwa ombi hilo ndilo linalomtofautisha na mchomeleaji wa kawaida. Vijana wengi wa kaunti wanajua kuchomelea. Kila kituo cha biashara kina banda la jua kali linalotengeneza mageti, madirisha na mikokoteni, na baadhi ya mafundi hao wana mkono mzuri sana. Hata hivyo, geti likichomelewa vibaya litalegea na mwenye nyumba atalalamika. Boila ikichomelewa vibaya inaweza kubomoa jengo na kuua waliomo. Makala haya yanaeleza kazi ya fundi wa boila, hatari zake, na njia ambayo kijana anaweza kuifuata ili aingie.

Kwanza, kazi yenyewe isichanganywe na nyingine. Anayekoleza kuni, kuangalia kiwango cha maji na kusoma geji zamu nzima ni mwendeshaji wa boila. Fundi wa boila ni yule anayeiunda, anayeifungua, anayebadilisha sehemu zilizochakaa na kuifunga tena. Ujuzi huohuo humpa kazi ya matangi makubwa, dohani, mabomba ya mvuke na vyombo vyote vinavyobeba presha. Kwa hiyo haishii kwenye chai. Viwanda vya sukari vya ukanda wa Muhoroni na Chemelil, chini kidogo ya mpaka wa kaunti, huchoma makapi ya miwa ili kupata mvuke wa kuzungusha mitambo. Viwanda vya maziwa, hospitali zinazosafisha vifaa kwa mvuke, dobi kubwa na shule za bweni zenye jikoni la mvuke, zote zina boila. Huko Olkaria, Kaunti ya Nakuru, mvuke hutoka ardhini wenyewe bila boila, lakini mabomba yake na vyombo vya kutenganisha maji na mvuke huhitaji mikono ileile.

Nguvu iliyofungwa ndani ya chuma

Mtu aliyezoea sufuria ya chai hawezi kukisia kwa urahisi kilichomo ndani ya boila. Mjini Kericho, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka yakifika takriban nyuzijoto 93. Yakifungiwa ndani ya chombo na kupashwa moto hadi presha ifike bar 10, hayachemki mpaka yapite nyuzijoto 180. Maji hayo yana joto jingi kupita kiasi, na kinachoyazuia yasigeuke mvuke kwa ghafla ni ukuta wa chuma peke yake. Ukuta ukipasuka, presha hushuka ghafla na sehemu ya maji hulipuka kuwa mvuke papo hapo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida hutaka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Hicho ndicho kinachoitwa mlipuko wa boila, na hakihitaji petroli wala baruti.

Hesabu ndogo huonyesha vizuri zaidi. Presha ya bar 10 ni kama uzito wa kilo 10 juu ya kila sentimita mraba. Mlango wa kuingilia ndani ya boila, wenye umbo la yai na upana wa sentimita 30 kwa 40, una eneo la sentimita mraba 940 hivi. Kwa hiyo mlango huo mdogo, ambao mtu mnene angepenya kwa taabu, hubeba msukumo wa zaidi ya tani 9. Ndiyo maana umetengenezwa ukae upande wa ndani, ili mvuke wenyewe uukandamize kwenye fremu yake, na una umbo la yai ili uweze kugeuzwa na kupitishwa kwenye tundu lake. Fundi mwanafunzi akielewa sababu ya umbo la mlango huo, ameanza kuelewa boila.

Jambo jingine la kuelewa ni mahali chuma kinapoelemewa. Katika pipa la duara lililojaa presha, msukumo unaotaka kulipasua kwa urefu ni mara 2 ya ule unaotaka kulikata katikati. Soseji kwenye kikaango hufuata kanuni hiyohiyo. Hupasuka kwa urefu. Kwa hiyo mshono unaokwenda kwa urefu wa boila ndio unaotakiwa uangalizi mkubwa kuliko yote, na mabamba yanapounganishwa, mishono hiyo hupishanishwa ili isikae kwenye mstari mmoja.

Kutoka bamba hadi pipa

Kazi ya kuunda huanza kwa chaki, rula na hesabu, kabla moto haujawashwa. Tuseme mchoro unataka pipa lenye kipenyo cha ndani cha milimita 1,200, na bamba lina unene wa milimita 12. Asiyefundishwa atazidisha 1,200 kwa 3.142 na kukata bamba la milimita 3,770. Bamba likiviringishwa, upande wa ndani hubanwa na upande wa nje huvutwa; ni mstari wa katikati ya unene tu ambao hubaki na urefu wake. Hesabu sahihi basi hutumia kipenyo cha 1,212, na urefu ni milimita 3,808. Tofauti ya milimita 38 yatosha kulifanya bamba la bei kubwa kuwa vyuma vikuukuu. Hapa ndipo mwanafunzi aliyedharau hisabati za shule ya msingi hujuta.

Kisha kingo za bamba hukatwa mshazari ili moto wa kuchomelea ufike hadi mwisho wa unene. Kwenye geti, mshono wa juujuu unatosha. Kwenye boila, chuma kilichoyeyuka lazima kijaze nafasi yote kuanzia kitako hadi juu, tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka lisafishwe kwa nyundo na brashi ya waya kabla ya linalofuata. Uchafu ukifunikwa humo ndani hauonekani tena kwa macho.

Rodi nazo si zilezile. Rodi ya 6013, ambayo mafundi wengi wa jua kali huitumia, huwaka kwa urahisi na hufaa vyuma vyembamba. Kazi ya presha mara nyingi hutaka 7018. Tarakimu 70 humaanisha kwamba mshono wake hustahimili mvuto wa angalau pauni 70,000 kwa inchi mraba, 1 humaanisha kwamba inafaa kuchomelea mikao mingi, na 8 hueleza aina ya ngozi iliyoifunika. Ngozi hiyo ina tabia ya kunyonya unyevu. Rodi iliyolala usiku kucha kwenye banda wakati wa mvua za Kericho huingiza haidrojeni ndani ya mshono, na haidrojeni hiyo huweza kuupasua mshono saa nyingi, hata siku mbili, baada ya fundi kupanga vyombo vyake na kwenda nyumbani. Kwa hiyo rodi za 7018 hutunzwa kwenye oveni yake maalum na kutolewa chache chache. Mteja anayeona fundi akichomoa rodi za 7018 kutoka kwenye pakiti iliyochanika chini ya benchi ana haki ya kuuliza.

Mirija, ukoko na kishawishi cha kiraka

Boila nyingi za chai na za taasisi ni zile ambazo moto na moshi hupita ndani ya mirija na maji huizunguka kwa nje. Boila kubwa za sukari ni kinyume chake, maji ndani ya mirija na moto nje. Kwa zote mbili, mirija ndiyo huchakaa kwanza.

Adui wake mkubwa ni ukoko. Kama vile birika la nyumbani linavyoshika utando mweupe ndani, maji yasiyotibiwa huacha madini kwenye mirija ya boila. Utando huo hupitisha joto kwa shida. Maji hayapati joto vizuri, kuni huongezwa, na chuma ambacho kilitegemea maji yakipoze huanza kupata joto kuliko kilivyokadiriwa. Hulainika, huvimba, hupata nyufa, na mara nyingi huanza kuvuja pale mwisho wa mrija unapoingia kwenye bamba lililotobolewa matundu ya kuishikilia mirija.

Hapo ndipo kishawishi cha saa nane za usiku huingia. Tone linaonekana, mashine ya kuchomelea ipo, na kuweka kiraka huchukua dakika 20. Lakini kuvuja ni dalili tu. Chuma kilichovuja kimeliwa na kutu au kimechoka kwa joto, na kukichomelea bila kujua kimebaki na unene gani ni kama kushona kiraka kwenye nguo iliyooza: uzi utashika, kitambaa kitakatika pembeni mwake. Tena kiraka huficha kutu inayoendelea chini yake, na mkaguzi akija huona chuma kipya kinachong'aa.

Fundi anayejiheshimu hutaka moto uzimwe, boila ipoe yenyewe, presha ifike sifuri na maji yamwagwe. Kisha huingia ndani na taa, hugonga kwa nyundo na kusikiliza, hupima unene wa chuma kwa kifaa kinachotumia mawimbi ya sauti. Mrija mbovu hukatwa na kutolewa. Mpya huingizwa, halafu mwisho wake hupanuliwa kwa chombo chenye vigurudumu kinachozungushwa ndani yake hadi ubane kabisa kwenye tundu. Ukipanuliwa kidogo utavuja. Ukizidishwa utakuwa mwembamba na kuilegeza mirija jirani. Kipimo kipo, lakini mafundi wazoefu husema mkono ndio unaojua, na hili ni mojawapo ya mambo ambayo hayafundishwi vizuri darasani. Mwanafunzi lazima asimame kando ya mtu anayelifanya.

Hasara ya usiku mmoja wa chai ni kubwa, na hakuna haja ya kuificha. Wakulima hulipwa kutokana na majani hayo. Viwanda vinavyopanga usafishaji na ukaguzi wa boila katika miezi ya ukame, majani yanapopungua, hupunguza sana uwezekano wa kupiga simu hiyo ya usiku.

Hatari za mwenye kufanya kazi

Ndani ya boila ni mahali pafinyu, pa giza, na hewa yake si ya kuaminika. Kutu yenyewe hula oksijeni, na boila iliyofungwa kwa majuma inaweza kuwa na hewa isiyotosha kumweka mtu hai ingawa haina harufu yoyote. Kwa hiyo mlango hufunguliwa mapema, hewa hupulizwa ndani na kupimwa, na mtu mmoja hubaki nje akizungumza na aliye ndani muda wote. Aliye nje akiona mwenzake ameanguka, haruhusiwi kurukia ndani bila vifaa, huita msaada. Wengi waliokufa kwenye matangi na visima walikuwa wameingia kuokoa. Na pale boila mbili zinapotumia bomba moja la mvuke, haitoshi kufunga valvu ya ile inayotengenezwa. Hufungwa kwa kufuli, na ufunguo hukaa mfukoni mwa aliyeingia.

Masikio huumia polepole. Mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow, Scotland, aliwapima mafundi 100 wa boila na hakupata hata mmoja mwenye usikivu kamili. Siku hizo mabamba yalifungwa kwa ribiti zilizopigwa nyundo. Leo kuna grainda, na kelele ndani ya pipa la chuma hurudi mara mbili. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini haziruhusu mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa 8. Vifunika masikio basi si vya wageni wanaotembelea kiwanda tu.

Moshi wa kuchomelea nao hupewa dawa isiyo dawa. Katika mabanda mengi, fundi hununuliwa pakiti ya maziwa baada ya kazi ili "yasafishe kifua". Maziwa huenda tumboni, moshi uko mapafuni. Kinachosaidia ni feni ya kuvuta moshi, barakoa inayofaa na kutochomelea mabati yenye zinki mahali pasipo na hewa. Boila za zamani pia huenda zimezungushiwa asbesto ya kuzuia joto. Ikishukiwa, haiguswi wala kukatwa hadi wenye idhini ya kuiondoa wafike.

Sheria inataka nini

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 ndiyo inayosimamia boila nchini, na utekelezaji wake uko chini ya Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS, ya serikali ya kitaifa. Kila boila hutakiwa kuwa na valvu ya usalama inayofunguka yenyewe presha ikizidi, valvu ya kufungia mvuke, kioo cha kuonyesha kiwango cha maji, na geji yenye alama ya rangi inayoonyesha presha ya juu inayoruhusiwa. Hutakiwa kukaguliwa na mkaguzi aliyeidhinishwa angalau mara moja kwa mwaka, na tena baada ya matengenezo makubwa. Ukaguzi una sehemu mbili: boila ikiwa baridi na safi ndani na nje, kisha ikiwa na mvuke.

Baada ya matengenezo makubwa, boila pia hujaribiwa kwa kujazwa maji baridi na kusukumwa hadi presha kubwa kuliko ile ya kazi. Wengine huuliza kwa nini isitumike hewa, kwa kuwa ni rahisi. Hewa hubanika kama springi. Mshono ukiachia, springi hiyo hufyatuka. Maji hayabaniki kwa kiasi cha kutajika, kwa hiyo mshono ukiachia, huchuruzika tu.

Valvu ya usalama inayopiga kelele ovyo hurekebishwa na mwenye ujuzi. Haikazwi, haitundikwi uzito, haifungwi kwa waya. Na mwendeshaji akitazama kioo asione maji, huzima moto na asiongeze maji kabisa, kwa sababu maji baridi yakigusa chuma kilichoiva huzalisha mvuke kwa kishindo. Mambo haya mawili ni ya kubandikwa ukutani hata kwenye jikoni la shule.

Njia ya kuingia kazini

Katiba ya mwaka 2010 iliviweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti. Mara nyingi vyuo hivyo havina kozi yenye jina la boila. Mlango ni kozi ya uchomeleaji na uundaji wa vyuma. Humo mwanafunzi hujifunza kusoma mchoro, kupima, kukata na kuchomelea mikao yote. Mzazi anayemsindikiza binti yake huko asishangazwe na wanaocheka. Kazi hii hutaka subira na mkono mtulivu kuliko misuli, na mwili mdogo ni faida kwenye mlango wa sentimita 30.

Baada ya hapo kuna mitihani ya vitendo ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, inayoanza Daraja la 3 na kupanda hadi la 1. Fundi wa jua kali mwenye ujuzi wa miaka bila cheti anaweza pia kuomba ujuzi wake upimwe na utambuliwe rasmi. Hatua ngumu ni ile ya kupata nafasi kiwandani chini ya fundi mkuu, na hapo wengi hukwama. Anayebisha hodi viwandani kabla ya miezi ya ukaguzi, wakati mikono ya ziada inapohitajika kusafisha mirija na kubeba vyombo, huwa na nafasi nzuri kuliko anayekuja msimu wa majani mengi.

Wanaotaka kufika mbali hufanya mtihani unaojulikana kama 6G. Bomba hukazwa likiwa limeinama nyuzi 45, halizungushwi, na mchomeleaji ndiye anayelizunguka akiwa amesimama, amechuchumaa, hata amelala chali. Mshono hupigwa eksirei au hukatwa vipande na kupindwa. Cheti hicho hutambuliwa na kampuni nyingi, zikiwemo za nchi za Ghuba zinazoajiri Wakenya kwenye mitambo ya mafuta. Kabla ya kulipa chochote kwa wakala wa ajira za nje, mkazi athibitishe kwamba amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Mwalimu mkuu au msimamizi wa hospitali anayemwita fundi wa boila kwa mara ya kwanza anaweza kumpima kwa maswali machache yasiyotaka utaalamu: atatumia rodi gani na zimehifadhiwa wapi, nani atakaa nje akiwa ndani, ni mkaguzi gani atakayeijaribu boila kabla ya kuwashwa, na karatasi ya ukaguzi uliopita ilisema nini. Fundi anayeomba kuiona karatasi hiyo kabla hajaulizwa ni dalili njema. Na kazi ikiisha, ukaguzi ukipita, asilipwe akaondoka mara moja. Boila iliyotengenezwa huwashwa kwa moto mdogo, chuma na matofali yakipashwa taratibu kwa saa nyingi. Muda huo fundi huizunguka na tochi mkononi, akipapasa kandokando ya milango na kusikiliza, mpaka sindano ya geji ipande na kutulia.